Kupima Ugonjwa wa Fizi Mtaani: Mwongozo Kamili kwa Timu za Utafiti Tanga

Rasimu za utafiti wa fizi huanguka mahali pale pale. Ukurasa wa malengo unasema "kujua kiwango cha ugonjwa wa fizi", ukurasa wa matokeo unatoa asilimia, na katikati hakuna hata mstari mmoja unaosema mgonjwa ni nani. Timu mbili zinaweza kupita Ngamiani wiki moja, moja ikatangaza kwamba karibu kila mtu mzima ni mgonjwa, nyingine ikasema ni mmoja kati ya watano, na zote mbili zikawa zimepima vizuri. Zimetumia fasili tofauti tu, na hazikusema.

Mwongozo huu ni wa madaktari na matabibu wa meno, wanafunzi wao na makarani wanaotaka kupima watu wazima majumbani mwao. Kama hujawahi kushika probu, yaani kijiti chembamba chenye alama za milimita cha kupimia kina cha ufizi, anzia kliniki kwanza. Mtaani si mahali pa kujifunzia mkono.

## Andaa hivi kwanza

- Probu zenye alama kila milimita moja, mfano UNC-15. Probu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yenye kinundu cha milimita 0.5 na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5 ni nzuri kwa kazi yake, lakini haisomi kila milimita. Sababu utaiona katika hatua ya 1.
- Vioo vya mdomo. Kila mtu atumie seti yake iliyofungwa na kutakaswa. Ukipanga watu 20 kwa siku, beba seti 24.
- Taa ya kichwani na betri za akiba. Mwanga wa dirishani haufiki kwenye magego.
- Glovu, barakoa, pamba, sabuni, na ndoo mbili: moja ya vifaa vilivyotumika, nyingine ya taka.
- Kiti chenye mgongo. Mkeka hautafaa, kwa sababu mpimaji aliyeinama saa tatu huanza kukisia.
- Fomu yenye nafasi ya jino moja moja, sehemu sita kwa kila jino, au simu yenye fomu hiyo hiyo.
- Mizani ndogo ya kielektroniki, aina wanayotumia masonara.
- Karani mmoja kwa kila mpimaji. Anayepima haandiki.
- Barua za vibali na fomu za ridhaa kwa Kiswahili.

## Hatua ya 1: Andika mgonjwa ni nani kabla ya kugusa mdomo

"Ugonjwa wa fizi" ni jina la mambo mawili. Jinjivitisi ni uvimbe wa ufizi wenyewe: unakuwa mwekundu, unatoka damu, lakini jino bado limeshikwa kama zamani, na hali hiyo inaweza kurudi nyuma. Periodontitisi ni pale mshikizo wa jino na mfupa vinapoliwa. Kilicholiwa hakirudi chenyewe. Ukiyachanganya mawili haya katika asilimia moja, utakuwa umemhesabu kijana aliyesahau mswaki juzi pamoja na mzee ambaye meno yake yanacheza.

Vipimo unavyokusanya ni vitatu:

Damu. Unapitisha probu taratibu, unasubiri, unaangalia kama panatoka damu. Kipimo hiki kinaonyesha uvimbe wa leo. Katika uainishaji wa kimataifa uliotolewa 2018, mdomo wenye damu katika asilimia 10 ya sehemu au zaidi huhesabiwa kuwa na jinjivitisi, ikiwa hakuna mshikizo uliopotea. Hadi asilimia 30 ni ya sehemu chache, ikipita hapo imeenea. Kumbuka wavuta sigara: fizi zao hutoka damu kidogo hata ugonjwa ukiwa umezama ndani. Anayetegemea damu peke yake atawaona wao ndio wazima.

Kina cha mfuko. Ni milimita kutoka ukingo wa ufizi hadi probu inapogota. Tatizo lake ni kwamba ukingo wenyewe unahama. Ufizi ukivimba, mfuko unaonekana mrefu. Ukirudi nyuma, mfuko unaonekana mfupi ingawa mzizi uko nje.

Mshikizo uliopotea. Huu unapimwa kutoka shingo ya jino, pale enameli inapokutana na mzizi, hadi probu inapogota. Shingo haihami, kwa hiyo kipimo hiki kinabeba historia ya miaka yote. Ndicho kigumu kupata na ndicho unachokihitaji zaidi.

Sasa chagua fasili. Zinazotumika sana katika tafiti za jamii ni hizi:

CPI ya WHO, yaani kipimo chake cha hali ya fizi katika jamii. Inaangalia damu na mifuko: milimita 4 hadi 5, au 6 na kuendelea. Mwongozo wa WHO wa 2013 ulitenganisha damu na mifuko, ukaliacha suala la ugaga, na ukataka meno yote yaangaliwe badala ya yale kumi ya mfano. Ni ya haraka na inafaa kupangia huduma. Haifai kusema ni wangapi wana periodontitisi, kwa sababu mfuko wa milimita 4 unaweza kuwa uvimbe tu.

Fasili ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, na chama cha madaktari wa fizi cha nchi hiyo, ya 2007 na kupanuliwa 2012. Inaangalia sehemu za kati ya jino na jino tu. Ugonjwa mkali: angalau sehemu mbili, zisiwe za jino moja, zenye mshikizo uliopotea milimita 6 au zaidi, pamoja na angalau sehemu moja yenye mfuko wa milimita 5 au zaidi. Wa kati: angalau sehemu mbili za meno tofauti zenye upotevu wa milimita 4 au zaidi, au mbili za meno tofauti zenye mfuko wa milimita 5 au zaidi. Mdogo: angalau sehemu mbili zenye upotevu wa milimita 3 au zaidi, pamoja na mbili za meno tofauti zenye mfuko wa milimita 4 au zaidi, au moja yenye 5 au zaidi.

Uainishaji wa 2018. Periodontitisi ipo ikiwa mshikizo umepotea kati ya meno, kwenye angalau meno mawili yasiyokaa jirani. Kisha unapanga hatua I hadi IV kwa sehemu iliyoharibika zaidi: milimita 1 hadi 2 ni hatua I, 3 hadi 4 ni II, 5 na kuendelea ni III au IV.

Rai yangu: kwa utafiti wa jamii tumia ya CDC kama fasili kuu, na ya 2018 kama ya pili. Uainishaji wa 2018 ulitengenezwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari, na hapo unafanya kazi nzuri. Ukiupeleka mtaani, ile milimita moja ya hatua I haizidi kosa la kawaida la mkono wa mpimaji, na karibu kila aliyepita miaka arobaini ataingia kwenye orodha.

*Umefaulu ukiwa* na aya moja ambayo mgeni anaweza kuisoma, akapewa milimita za mdomo wowote, na akafikia jibu lile lile ulilofikia wewe.

## Hatua ya 2: Pima mdomo mzima

Hapa ndipo watu hupunguza kazi na kuharibu utafiti. Meno 28 (magego ya mwisho hayahesabiwi) kwa sehemu sita ni sehemu 168, na kila moja ina namba mbili. Hizo ni namba 336 kwa mtu mmoja. Inachosha, na kishawishi cha kupima robo mbili za mdomo au meno sita tu ni kikubwa.

Chukua mfano wa kubuni: mama wa miaka 47, mkazi wa Makorora, meno 26. Katika namba za meno, tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo, ya pili ni nafasi ya jino kutoka katikati. Kati ya meno, jino 16 lina mfuko wa milimita 5 na mshikizo uliopotea 4. Jino 26 lina mfuko wa 4 na upotevu wa 4. Jino 31 lina mfuko wa 2 tu, lakini mzizi uko wazi milimita 2, kwa hiyo upotevu ni 4. Kwingine kati ya meno, mfuko haupiti 3 wala upotevu haupiti 2. Jino 36 lina upotevu wa milimita 5 upande wa shavu, kwa kupiga mswaki kwa nguvu. Damu imetoka sehemu 14 kati ya 156.

Kwa CPI, mama huyu ana mifuko ya milimita 4 hadi 5. Kwa CDC, ana periodontitisi ya kati, kwa kuwa meno matatu yamefikisha milimita 4. Kwa uainishaji wa 2018, yuko hatua ya II. Kwa damu peke yake, sehemu 14 kati ya 156 hazifiki asilimia 10, kwa hiyo hana kitu. Na yule atakayehesabu jino 36 upande wa shavu atampa ugonjwa mkubwa kuliko alio nao.

Sasa pima yale meno sita ya mfano ya Ramfjord, yaani 16, 21, 24, 36, 41 na 44. Linabaki jino 16 pekee, na sehemu moja yenye upotevu haitoshi kuwa mgonjwa kwa CDC. Pima robo mbili, ya juu kushoto na ya chini kulia: linabaki 26 pekee. Mama amepona bila dawa. Ndiyo maana uchunguzi wa kitaifa wa Marekani, NHANES, ulihamia mdomo mzima kuanzia 2009, na duru ya kwanza, 2009 hadi 2010, ikakuta asilimia 47.2 ya watu wa miaka 30 na kuendelea wana periodontitisi, ndogo hadi kali.

*Onyo:* kama fedha zinakulazimisha kupima nusu mdomo, sema hivyo kwenye muhtasari, si katika mstari wa mwisho wa mapungufu.

## Hatua ya 3: Amua watu wangapi na kutoka wapi

Kama hujui kiwango, chukua 0.5. Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, unapata watu 384. Lakini hiyo ni kwa watu waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka Tanga yote. Wewe utachagua mitaa kwanza, na watu wa mtaa mmoja hufanana. Zidisha kwa 2, upate 768. Ukitegemea mmoja kati ya kumi atakataa au hatapatikana, gawa kwa 0.9: watu 854. Mitaa 30, watu 29 kila mtaa, kazi inaenea.

Chagua mitaa kwa uzito wa idadi ya watu kwa Sensa ya 2022, kisha nyumba kwa kuruka hatua sawa, kisha mtu mmoja kwa kura ndani ya nyumba. Barabara za namba za Ngamiani hurahisisha kuhesabu nyumba. Tongoni na Pongwe, ambako nyumba zimetawanyika, keti kwanza na mwenyekiti uchore ramani.

Usichukue watu kutoka foleni ya hospitali ya Bombo. Aliyekuja hospitali amekuja kwa sababu.

Na usipite nyumba saa nne asubuhi tu. Vijijini pwani wanaume wako baharini au wamelala baada ya uvuvi wa usiku, na utapima wake na wazee. Hili si dogo: katika NHANES ya 2009 hadi 2010, wagonjwa walikuwa asilimia 56.4 ya wanaume na 38.4 ya wanawake. Ukiwakosa wanaume, kiwango chako kinashuka na hutajua kwa nini. Rudi jioni, rudi Jumapili.

*Umefaulu ukiwa* na orodha inayoonyesha kila nyumba iliyochaguliwa, aliyepimwa, aliyekataa, na aliyekosekana baada ya kurudiwa mara tatu.

## Hatua ya 4: Vibali na hodi

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha barua za mkoa na halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa. Fuata mpangilio huo. Ukimruka mwenyekiti, barua ya mkoa haitakufungulia mlango.

Usipange kupima Ramadhani. Kupima fizi kunaleta damu na mate mdomoni, na aliyefunga atakuwa na haki ya kukukatalia. Uwe na mpimaji au karani wa kike, na pazia: mama aliyevaa nikabu hatafungua kinywa ukumbini shemeji zake wakipita.

Salamu kwanza, karatasi baadaye. "Shikamoo bibi, tumetoka kwa mwenyekiti, tunaomba nafasi ya nusu saa" inafungua zaidi kuliko kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

## Hatua ya 5: Linganisha mikono

Anza na nguvu. Probu ikisukumwa kwa nguvu hupenya ufizi uliovimba na kukupa milimita ambazo hazipo. Lengo ni gramu 20, zisipite 25. Weka ile mizani ya sonara mezani, bonyeza ncha ya probu juu yake mpaka isome 20, rudia mpaka mkono uzoee. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, rudia.

Kisha wapimaji wote wapime watu wale wale kliniki, bila kuonana karatasi. Vipimo viwe ndani ya tofauti ya milimita moja katika angalau sehemu 9 kati ya 10.

Usiishie hapo, kwa sababu asilimia ya kukubaliana hudanganya pale wazima ni wengi. Tuseme sehemu 100. Mpimaji wa kwanza anaona mifuko mirefu mitano, wa pili anaona mitano, na hakuna hata mmoja waliokubaliana. Bado wamekubaliana katika sehemu 90 ambazo wote walisema hakuna kitu! Asilimia 90, inapendeza. Hesabu kapa, yaani kukubaliana kunakobaki ukiondoa kwa bahati: kukubaliana kwa bahati peke yake ni 0.905, kwa hiyo kapa inatoka hasi 0.05. Kwa lugha nyepesi, wangerusha shilingi ingekuwa sawa.

Lenga kapa 0.80. Ikiwa chini ya 0.60, simamisha safari, rudini kliniki.

Mtaani, rudia kupima asilimia 5 hadi 10 ya watu, walau 25, katika kipindi chote cha kazi. Mikono huchoka na kulegea kadiri wiki zinavyopita.

## Hatua ya 6: Siku ya kupima

1. Uliza kabla ya kufungua kinywa. Mwenye vali ya moyo ya bandia, au aliyewahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, asipimwe kwa probu, kwani damu inayotoka hupeleka bakteria kwenye mzunguko. Mhoji tu, umpe rufaa. Andika kisukari, ujauzito, sigara, ugoro na tambuu. Rangi ya tambuu usiihesabu kuwa uvimbe.

2. Hesabu meno kwanza. Taja yaliyong'oka kwa sauti, karani arudie. Makosa mengi ya data huanzia karani alipodhani mmeshafika jino 15 wakati mko 14.

3. Ingiza probu sambamba na jino. Sehemu tatu upande wa shavu, tatu upande wa ulimi au kaakaa. Kati ya meno, ilaze kidogo ifike chini ya mahali meno yanapogusana. Mfuko mwingi hujificha hapo.

4. Soma namba mbili. Kina cha mfuko, na umbali kati ya ukingo wa ufizi na shingo ya jino. Mzizi ukiwa wazi, andika umbali huo kwa jumlisha. Ufizi ukifunika shingo, kwa kutoa. Mshikizo uliopotea ni jumla ya hizo mbili. Mfuko wa 5 na ufizi uliofunika milimita 1 ni 4. Mfuko wa 2 na mzizi ulio wazi 2 ni 4 pia. Mtu asihesabu kichwani, fomu ihesabu.

5. Ikiangukia kati ya alama mbili, soma ya chini. Amueni hivyo wote, tangu mwanzo.

6. Angalia damu baada ya kumaliza robo, kabla hujahamia nyingine.

7. Ugaga ukifunika shingo ya jino, andika 9, haisomeki. Usikisie. Tisa chache si aibu. Fomu isiyo na tisa hata moja katika mtaa wenye ugaga mwingi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Vifaa vilivyotumika viingie kwenye dawa ya klorini ya asilimia 0.5, visafishwe kwa sabuni, vifungwe na kutakaswa kwa mvuke nyuzi 121 kwa dakika 30. Usiviache kwenye klorini usiku kucha, vitaoza kwa kutu.

## Hatua ya 7: Toka milimita hadi mgonjwa

Fungua faili na utafute yasiyowezekana: mfuko wa milimita 33, ambao kwa kawaida ni 3 na 3 zilizoandikwa pamoja, mshikizo uliopotea wa chini ya sifuri mwingi, meno 34.

Kisha tumia fasili uliyoandika hatua ya 1. Ondoa sehemu za katikati ya shavu na ulimi kwa CDC. Hakikisha "sehemu mbili" si za jino moja. Kosa hili la programu ni la kawaida mno na huongeza wagonjwa.

Waliobakiwa na jino moja au wasio na jino kabisa watoe kwenye hesabu ya periodontitisi, lakini sema walikuwa wangapi. Huenda meno yao yaliondoka na ugonjwa wenyewe, na ndiyo maana wakati mwingine wazee wa miaka themanini huonekana wazima kuliko watoto wao.

Na watu 854 si sehemu 143,472. Sehemu za kinywa kimoja hufanana, watu wa mtaa mmoja hufanana. Ipe programu namba ya mtu na namba ya mtaa, la sivyo kila tofauti ndogo itatoka "muhimu kitakwimu".

## Hatua ya 8: Andika matokeo yanayosomeka

Toa kiwango kwa kila fasili, kwa kila rika na jinsia, pamoja na mipaka ya uhakika. Jumla moja haitoshi: katika NHANES ile ile, kati ya waliofikisha miaka 65 wagonjwa walikuwa asilimia 70.1. Toa pia wastani wa asilimia ya sehemu zilizoathirika kwa mtu, maana wawili wenye "ugonjwa wa kati" wanaweza kuwa mmoja ana sehemu tatu na mwingine sitini.

Ukitaka kujilinganisha na 47.2 ya Marekani, chukua walio na miaka 30 na kuendelea tu, fasili ile ile, mdomo mzima, na urekebishe umri. Tanga ina vijana wengi zaidi. Bila marekebisho utajipongeza bure.

Sentensi ya matokeo iwe na umbo hili: "Kati ya watu (idadi) wa miaka 30 na zaidi wenye meno mawili au zaidi, waliopimwa sehemu sita kwa kila jino, asilimia (kiasi, na mipaka) walikuwa na periodontitisi ya kati au kali kwa fasili ya CDC ya 2012."

Orodha ya rufaa isisubiri ripoti. Kila mwenye mfuko wa milimita 6 au zaidi, jino linalocheza, jipu, au kidonda cha mdomo ambacho hakijapona wiki mbili apewe barua ya Bombo siku ile ile aliyopimwa, na namba ya simu ya mtu wa timu atakayepokea akipigiwa.